Kesi ya Tangi la Heliamu

Kila niliporudi nyumbani, kabla sijavua hata kiatu kimoja, wifi yangu aliniuliza swali lile lile: "Wamekuja?"

"Hawajaja," namjibu, na kiatu cha pili kinakuwa kizito kuliko cha kwanza.

Jirani yeyote aliyetega sikio muhula ule lazima alidhani tunangoja wageni wa posa. Kumbe tulikuwa tunangoja elektroni. Zilitakiwa zije mbili mbili, zimetoka kwenye atomu moja kwa wakati mmoja. Ikija moja peke yake haihesabiwi, huyo ni mpita njia. Wifi yangu ni fundi cherehani na fizikia aliiacha shuleni bila kuiaga, lakini hilo la wawili wawili alilishika siku ya kwanza. Alisema ni kama watu wanaokujia mlangoni: akija mmoja amepita tu, wakija wawili wameambizana.

Nianze na yeye, maana bila yeye ningekuwa na tangi bila hadithi. Ni dada wa marehemu mume wangu. Maneno ya watu juu ya mawifi mnayajua, siyarudii. Mengine niliwahi kuyasema mimi mwenyewe kuhusu huyu huyu. Kaka yake alipofariki, alifika mazishini na begi moja na cherehani, na waliomwona wakadhani amekuja kugawa vyombo vya marehemu. Akasema atakaa hadi nipate usingizi. Usingizi nikaupata, yeye hakuondoka. Niliporudi chuoni kusoma, akasema atakaa hadi nimalize. Mjini kwao alikuwa na chumba cha duka la ushonaji, amekipaka rangi kwa mkono wake. Akakifunga, na ufunguo akautundika kwenye msumari jikoni kwangu. Ukawa unatutazama kila tukipika.

Shangazi mmoja mwenye uchungu wa mambo yasiyomhusu aliwahi kumuuliza mbele yangu: kamba iliyowafunga imekatika, sasa nyinyi wawili mnafungwa na nini? Wifi yangu akamjibu kwamba kwa sasa tunafungwa na vyombo, havijaoshwa, kama shangazi anataka kusaidia sabuni iko pale.

Mimi nilifunzwa na mama, halafu ulimwengu ukapitia kazi yake na kuisahihisha kwa fimbo. Nilipoomba nafasi ya shahada ya uzamivu, maprofesa wawili waliniuliza umri kabla ya jina. Wa tatu hakuuliza hivyo. Aliuliza kama nimewahi kungoja kitu kwa muda mrefu bila kujua kama kitakuja. Nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kwenye foleni ya ofisi ya mirathi. Akasema basi kesho nije na sweta, chumba chake kina baridi.

Hicho ndicho chumba nilichokaa miaka yote hiyo, chini kabisa ya jengo, madirisha yakiwa usawa wa viatu vya watu wanaopita nje. Katikati ya chumba kuna tangi la chuma, refu kama mtu mfupi aliyenenepa, na pampu zake zinakoroma mchana kutwa. Tulikuwa watatu: Profesa, mimi, na mwanafunzi mwenzangu tuliyemwita Redio kwa sababu hasemi. Ukimsalimia asubuhi anaweza kukujibu alasiri, lakini atakujibu.

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja, kisha twende. Atomu ya heliamu ina elektroni mbili. Hazipatani, kila moja inamsukuma mwenzake, lakini zinaishi nyumba moja. Kwa hiyo kila moja inajua mwenzake yuko wapi na inampisha. Ikienda huku, mwenzake anasogea kule. Wataalamu wanaita jambo hilo uhusiano wa elektroni. Wifi yangu aliliita uwifi, na tangu siku hiyo hata Profesa lilimtoka mara moja mbele ya wageni.

Atomu iliyotulia, elektroni zake zote mbili ziko chini, haina shida. Mwenendo wake tunaujua. Sisi tulitaka atomu iliyopandishwa: ile uliyoipiga cheche ya umeme, elektroni moja ikapanda ghorofa ya juu na kukaa huko mbali. Swali ni hili: aliyepanda juu, bado anamjali aliyebaki chini? Bado wanapishana, au kila mtu na maisha yake?

Njia ya kujua ina ukatili kidogo. Unaituma elektroni ya mbio iigonge atomu. Inayogongwa inachomoka, iliyogonga inaendelea na safari ikiwa imepinda. Unaweka mitego miwili, Kushoto na Kulia, unazinasa zote mbili, unapima nguvu na mwelekeo wa kila moja. Kisha unapiga hesabu ya kurudi nyuma: ile iliyong'olewa ilikuwa inatembeaje kabla haijang'olewa, na nyumba imebaki katika hali gani. Lakini lazima uhakikishe hizo mbili zimetoka kwenye ajali moja. Ndiyo maana ya kungoja wawili wawili. Mtego wa Kushoto ukigonga, kompyuta inafungua dirisha dogo la muda. Kulia naye akigonga kabla dirisha halijafungwa, tunahesabu jozi. Akichelewa, tunasema huyo ni wa ajali nyingine.

Shida ni kwamba atomu zilizopandishwa ni chache. Katika umati wa zilizotulia, hizo ni kama watu wanaorudisha mwavuli walioazima. Kwa hiyo tulipoanza kuzitafuta tulilibana dirisha likawa jembamba mno, ili wapita njia wasituharibie hesabu.

Na kabla tu ya kuanza, chuo kilituletea wageni. Profesa alikuwa anastaafu mwisho wa muhula, chumba kinapewa watu wengine, na tangi litafunguliwa vipande vipande vigawanywe kwenye maabara nyingine. Hao wageni walikuja kukiangalia chumba. Basi tukafanya usafi. Tulifuta, tulipanga, tulitupa vitu ambavyo hakuna aliyekumbuka ni vya nini, na Profesa mwenyewe akapiga magoti akashughulikia waya wa mtego wa Kulia. Waya huo ulikuwa unakatiza katikati ya sakafu, sisi tumeshazoea kuuruka kama mbuzi, lakini mgeni angeweza kujikwaa. Profesa akautoa, akaweka mwingine mpya, mzuri, ukapita ukutani umebanwa kwa vibanio vilivyonyooka kama askari. Wageni wakasifu. Mmoja alisema hajawahi kuona maabara nadhifu kiasi kile. Profesa alitembea mabega juu siku nzima.

Wageni walipoondoka, tukawasha cheche, tukarekebisha mitambo kwa ajili ya atomu zilizopandishwa, tukaanza kungoja.

Hakuja mtu.

Skrini ilitupa mstari mnyoofu tu; jozi zingekuja, ungeinuka kinundu. Wiki ikaisha, mstari. Ya pili ikaanza, mstari. Mitego yote miwili ilikuwa inagonga vizuri, kila mmoja kivyake, lakini jozi hakuna. Niliposema nyumbani "hawajaja", wifi yangu aliacha kutania, akawa ananisogezea sahani tu. Hapo nikajua hali ni mbaya, maana huyu mwanamke hata mazishini alitania.

Nikaanza kuamini kwamba tatizo liko ndani ya tangi. Ile cheche inayozipandisha atomu ina kawaida ya kuacha masizi; niliona kwa macho ya kichwa changu tundu la gesi limezibika, atomu zetu zote zimetulia kama wazee wa baraza, hakuna iliyopanda hata kidato kimoja. Nilitaka tangi lifunguliwe.

Kufungua tangi si kufungua sufuria. Hewa ikishaingia, unaanza upya: pampu zinavuta, tangi linafungwa mikanda ya moto na karatasi za aluminiamu, linaokwa kama mkate hadi kuta ziteme unyevu wote. Hiyo kazi ingemeza karibu muda wote uliobaki. Kama ningekuta masizi, ningeyasafisha na kubaki na siku chache za kupima. Kama nisingekuta kitu, ndiyo basi: hakuna vipimo, hakuna shahada, na wifi yangu amefunga duka lake miaka yote hiyo kwa ajili ya mstari.

Ndiyo maana Profesa alikuwa na desturi yake. Tangi halifunguliwi bila kesi. Aliianzisha zamani, baada ya kulifungua siku moja kwa hasira, na alipochungulia ndani hakukuta kitu isipokuwa hewa aliyoiingiza mwenyewe. Tangu hapo, anayetaka kufungua anakuwa mshtaki, mwingine anakuwa mtetezi, wa tatu ni hakimu. Kila mmoja anasema upande wake hadi amalize. Halafu, kabla ya hukumu, mnabadilishana viti: mshtaki analitetea tangi, mtetezi analishtaki, na lazima useme kwa moyo wote, kama vile aliye kizimbani ni baba yako. Hakimu akiona unazembea, anakurudisha mwanzo.

Jioni ya kabla ya kesi nilifanya mazoezi ya mashtaka yangu jikoni. Wifi yangu alikuwa anapinda ukosi wa sare ya binti yangu, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo nilipata nafasi ya kusema hadi mwisho bila kukatizwa, jambo la nadra nyumbani kwetu. Alipozitoa pini aliuliza mtetezi ni nani. Nikamwambia ni Redio.

Akasema, kama ni hivyo, tangi limeshahukumiwa, lililobaki ni kuandaa jela.

Nikacheka, kisha sikucheka tena. Nilimwambia kama mambo hayakwenda vizuri, aende zake akafungue duka, asiendelee kufungwa na mimi. Nilishaliandaa neno hilo kwa siku kadhaa na lilitoka vibaya, kama mtu anayefukuza mgeni.

Alikata uzi kwa meno kwanza. "Nilisema nitaondoka ukimaliza, na utamaliza wakija," akasema. "Wamekuja?"

"Hawajaja."

"Basi nipishe, unanikingia taa."

Kesho yake tukakaa. Hakimu hukaa juu ya sanduku la vifaa. Kiti cha mshtaki ni kizima. Cha mtetezi kimepoteza gurudumu moja, kwa hiyo mtetezi huongea ameinama upande kama mtu anayeuliza njia. Nilisema yangu yote: cheche, masizi, tundu, mstari wa wiki mbili. Nilisema vizuri, nilijisikia. Profesa akamgeukia mtetezi.

"Tungoje," akasema Redio.

Profesa akasubiri. Redio naye akasubiri. Mwishowe Profesa akauliza kama utetezi umemaliza, na utetezi ukatikisa kichwa kukubali kwamba umemaliza.

Tukabadilishana viti. Na hapo, jamani, nikajua kwamba kumbe Redio ilikuwa haijawekwa tu betri. Alikaa kwenye kiti kizima, akakohoa, akalinyooshea tangi kidole. Alisema mambo yangu yote, lakini yakiwa yamepigwa pasi. Alisema tumelilisha gesi, tumelilisha umeme, tumelipokezana usiku na mchana, hata Jumapili, tumelifuta hadi wageni wakajiona ndani yake. "Na limetupa nini? Mstari. Mheshimiwa, hata maiti akipimwa moyo hutoa mstari."

Profesa alijiziba mdomo. Mimi nilikaa pale nimeinama upande, nimepigwa na maneno yangu mwenyewe, na niliona aibu kidogo jinsi yalivyo matamu yakisemwa na mtu mwingine. Kitu kikishakuwa kitamu hivyo, nilijifunza kwenye foleni nyingi za dunia, ni bora kukiangalia upya.

"Mtetezi," akasema Profesa.

Nilianza kwa mzaha. Nilisema mteja wangu ni mzee, hana rekodi ya uhalifu, anasaidia kupasha chumba joto. Profesa akanikatiza. "Mama, huyo ni baba yako. Mtetee."

Nikaacha mzaha. Huwezi kumtetea mtu vizuri kama hujaamini kwanza kwamba hana hatia. Basi nikajilazimisha kuamini. Ndani ni safi. Cheche inafanya kazi. Atomu zinapanda, zinagongwa, elektroni zinachomoka mbili mbili, zinaingia kwenye mitego, Kushoto na Kulia. Nilizifuata hatua kwa hatua kama mtu anayewasindikiza wageni, hadi nikafika nazo kwenye mitego, na tangi lote likawa nyuma yangu, halina kosa. Na bado skrini ni mstari.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti ilibadilika hadi mimi mwenyewe nikaisikia, "wamekuja. Wanakuja kila siku. Sisi ndio hatupo mlangoni."

Kisha Redio, ambaye siku ile alikuwa ameamua kutumia maneno ya mwaka mzima, akataka shahidi. Na kweli, madai bila shahidi ni porojo. Nikafikiri, nikamtaja: atomu iliyotulia. Hiyo tulishaiona wiki chache nyuma, jozi zake zilikuwa zinamiminika, hakuna aliyezitilia shaka. Tuzime cheche, turudishe mitambo kama ilivyokuwa, ila dirisha tuliache jembamba, tuiulize tena. Jozi zikitokea, basi tatizo ni hizi zilizopandishwa, mashtaka yameshinda na tangi lifunguliwe. Zisipotokea, masizi hayana kosa, maana huyu shahidi hahitaji cheche.

Kurudisha mitambo na kuiacha itulie huchukua siku nzima, na sisi, kwa kuogopa kuipoteza siku hiyo, tulikuwa tumepoteza wiki mbili. Profesa akaahirisha kesi hadi shahidi apatikane.

Siku iliyofuata shahidi alifika, akatoa ushahidi wake. Mstari.

Sijawahi kuwaona watu watatu wazima wakifurahia kutoona kitu namna ile. Redio alitabasamu hadi nikaona meno ambayo sikujua anayo. Atomu zilizotulia hazipotei; zilikuwa pale, mitego yote miwili ilikuwa inagonga kama mvua juu ya mabati, na bado kompyuta inasema hakuna waliokuja pamoja. Basi wanakuja pamoja, ila mmoja anachelewa kufika mlangoni. Nikamwambia Redio alipanue dirisha. Akalipanua. Mstari, mstari, mstari. Na kule pembeni kabisa, mbali na mahali tulipokuwa tunatazama, kikaanza kuinuka kinundu. Kabla chai yangu haijapoa kilikuwa kimekuwa kilima.

Redio akapima umbali wa kilima kutoka mahali kilipotakiwa kuwa. Huo ndio muda ambao Kulia alikuwa anachelewa. Muda mdogo sana, hata ukope haujaanza kufikiria kupepesa, lakini dirisha letu lilikuwa dogo zaidi. Akapiga hesabu ni waya wa urefu gani unaoweza kuichelewesha ishara kiasi hicho. Aligeuza kichwa akatazama ukuta. Nami nikageuza. Profesa akawa wa mwisho.

Alisimama, akaufuata waya kwa kidole. Kutoka kwenye mtego, nyuma ya kabati, kibanio baada ya kibanio, juu ya mlango, chini ya dirisha, hadi kwenye mitambo. Ishara hukimbia sana ndani ya waya, lakini haikimbii bure. Ukiirefushia njia, nayo inachelewa. Kwa wiki mbili wageni wetu walikuwa wanazaliwa pamoja, wanatoka pamoja, wanafika kwenye mitego pamoja, halafu habari za mmoja zinapelekwa moja kwa moja na za mwenzake zinazungushwa ukutani kwa heshima zote.

"Nani aliweka huu waya?" akauliza Profesa, bila kugeuka.

"Wewe, Mzee."

"Mbona hamkunizuia?"

"Tulikusifu," nikasema.

Aliegemeza paji la uso ukutani, nikaogopa kwamba analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipogeuka machozi yalikuwepo kweli, lakini ya kicheko. Akatangaza kwamba mahakama imemkamata hakimu, tangi liko huru, na mtetezi apewe kiti kizima hadi mwisho wa muhula.

Hatukuhitaji hata kuugusa waya. Tuliiagiza kompyuta ilisogeze dirisha, imngoje Kulia kidogo, kama unavyomngoja mtu mwenye mguu mbovu. Tukawasha cheche tena. Zilizopandishwa, kwa uchache wao, zilichukua siku kadhaa kujikusanya, lakini safari hii tulikuwa mlangoni.

Sikumwambia wifi yangu. Nilimpigia simu mchana nikamwomba aje chuoni na binti yangu akitoka shule, nikasingizia nimesahau sweta. Alikuja na sweta mbili, kwa sababu hajawahi kuniamini. Redio alimwachia nafasi mbele ya skrini; Profesa akamsogezea kiti, bahati mbaya kile cha gurudumu pungufu, naye akakaa ameinama upande na mkoba magotini.

"Ndio hawa?" akauliza. Kwenye skrini palikuwa na kinundu kidogo, huwezi hata kukikwaa.

"Ndio hawa."

"Wadogo hivi ndio wamenifungia duka?"

"Hawa hawa, wifi."

Alikitazama muda mrefu. Binti yangu alianza kuchoka akamvuta mkono, naye hakuvutika. Kila baada ya muda nukta moja iliongezeka, juu ya zile nyingine, mahali pale pale. Mwishowe akasema taratibu, kama anayesema na kitambaa anachokikata, "Wameambizana kweli." Akanishika kifundo cha mkono bila kunitazama, na tukakaa hivyo. Nilikuwa na maneno ya shukrani niliyoyaandaa njia nzima ya miaka ile. Hayakutoka. Sijui kama yalihitajika. Alikuwa amenishika mkono ule ule alionishika kaburini, kwa nguvu ile ile.

Tulipima hadi siku ya mwisho tuliyoruhusiwa. Hesabu zilipotoka, zilijibu swali letu. Tukizihesabu zile elektroni mbili kana kwamba kila moja ina maisha yake, vipimo havikukubali. Tukihesabu kwamba aliye juu anajua aliye chini yuko wapi, na aliye chini anampisha aliye juu, vilikaa mahali pake kama ukosi uliopindwa vizuri. Wanapishana kidogo kuliko wakiwa wote chini, lakini wanapishana. Ghorofa haikuwatenganisha. Nilipomweleza wifi yangu, alisema angenijibu hilo siku ya kwanza, kama kuna mtu angemuuliza. Nikamwambia asingeweza kuonyesha kinundu. Akakubali kwamba hapo nimemshinda.

Profesa alistaafu. Siku ya kulifungua tangi, lilifunguliwa bila kesi, maana hatukuwa na la kulishtaki. Tulichungulia ndani wote watatu. Kulikuwa safi. Nilijaribu kumshukuru Profesa pale pale, kwa kunichukua wakati wengine walikuwa wanahesabu mvi zangu, kwa kunilazimisha kukaa kwenye kiti kibovu. Akasema shukrani nizielekeze kwa waya. Akaung'oa ukutani, kibanio baada ya kibanio, akaukunja vizuri, akanipa nikaanikie nguo. Nimeuanikia. Ni kamba nzuri sana, ndefu.

Wifi yangu aliutoa ufunguo kwenye msumari siku ya Jumatatu, akapakia cherehani, akaniachia maagizo ya jinsi ya kumlea binti yangu kana kwamba nimemwokota. Jiko likawa pana ghafla. Msumari nimeuacha.

Wiki ya kwanza nilijizuia. Wiki ya pili nikampigia mchana, nikasikia upande wa pili cherehani ikikimbia, ikasimama.

"Wamekuja?" nikamuuliza.

"Mmoja," akasema. "Ameleta suruali ipunguzwe kiuno."

"Mmoja hatumhesabu, wifi. Huyo amepita tu."

"Najua. Wa pili ni wewe. Gauni lako la mahafali liko tayari, njoo ulijaribu, na usiniambie umenenepa, nimeshaliachia nafasi."

Cherehani ikaanza tena kukimbia kabla sijajibu. Nikatafuta viatu.